Jinsi ya Kuandika Msimu wa Timu Inayoshuka Daraja Uingereza Ukiwa Nakuru

Timu haishuki daraja siku inapotangazwa kwamba imeshuka. Southampton walitangazwa kushuka tarehe 6 Aprili 2025, baada ya Tottenham kuwafunga 3-1 jijini London, lakini shabiki aliyekuwa akiandika kila mechi yao tangu Agosti alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo likija kabla ya Krismasi, na alijua pia ni mechi zipi zilizowaponza. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuandika msimu wa namna hiyo ukiwa hapa Nakuru, kwa daftari na kalamu, bila kulipia programu yoyote ya takwimu, ili ufikapo mwezi wa Mei uwe na maelezo yako mwenyewe ya kilichotokea badala ya kurudia yale yanayosemwa na kila mtu.

Nimeichagua Southampton iwe mfano kwa sababu Wakenya wengi tulianza kuifuata mwaka wa 2013, wakati Victor Wanyama alipojiunga nayo kutoka Celtic na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Katika misimu yake mitatu pale, timu ilimaliza ya nane, kisha ya saba, kisha ya sita. Yeye alihamia Tottenham mwaka wa 2016, lakini baadhi yetu hatukuhama naye. Tulibaki na timu hiyo iliposhuka mwaka wa 2023, iliporudi mwaka wa 2024 kwa bao la Adam Armstrong dhidi ya Leeds uwanjani Wembley, na ilipoanguka tena msimu uliofuata kwa alama 12 tu. Wewe waweza kuchagua timu nyingine. Utaratibu ni uleule.

Kanuni za kujua kabla ya kuanza

Ligi Kuu ina timu 20, kila moja hucheza mechi 38, na tatu za mwisho huteremshwa hadi Ligi ya Championship, iliyo ngazi moja chini. Kwa hiyo nafasi inayotafutwa na wanaopigania uhai ni ya 17. Timu mbili zikilingana kwa alama, hutazamwa kwanza tofauti ya mabao, kisha idadi ya mabao yaliyofungwa, na hapo ndipo hutazamwa matokeo ya timu hizo zilipokutana. Usiipuuze tofauti ya mabao kwa kudhani kwamba ni jambo la siku ya mwisho tu. Mwaka wa 1998 Everton na Bolton walimaliza wote wakiwa na alama 40, na Bolton ndio walioshuka kwa sababu hiyo, ikiwa na maana kwamba kila bao la tano au la sita walilofungwa katika mechi iliyokwisha kupotea lilikuwa na bei yake.

Daftari lenyewe

Nunua daftari la jalada gumu lenye kurasa 96 au zaidi, kwani msimu huchukua miezi kumi na daftari la jalada laini halifiki Mei likiwa zima. Kila mechi ipewe nusu ya ukurasa, jambo ambalo litakula kurasa 19, na zinazobaki zitakuwa za makocha, usajili, na majedwali utakayoyachora kila baada ya mechi kadhaa.

Juu ya kila nusu ukurasa andika tarehe, mpinzani, kama mechi ni ya nyumbani au ugenini, na matokeo. Kisha andika mambo matatu ambayo magazeti mengi huyapita haraka: nani alitangulia kufunga, mabao mangapi yaliingia baada ya dakika ya 75 na kwa upande gani, na pengo la alama lililopo kati ya timu yako na timu iliyo katika nafasi ya 17. Chini ya hayo weka sentensi mbili au tatu za kile ulichokiona. Sentensi hizo ziandikwe usiku uleule wa mechi, kwa sababu ukisubiri hadi Jumatatu utaandika maoni ya wachambuzi na si ya kwako.

Nasisitiza pengo kuliko nafasi, maana nafasi peke yake hudanganya. Timu inaweza kuwa ya 19 huku ikihitaji ushindi mmoja tu ili itoke hatarini, na nyingine ikawa ya 18 lakini haina tena matumaini. Msimu wa 2024-25 ulipokwisha, Leicester walikuwa wa 18 wakiwa na alama 25, ilhali Tottenham waliokuwa hatua moja tu juu yao walikuwa na alama 38, na Tottenham hao walitwaa Kombe la Europa League msimu huohuo. Anayesoma nafasi ataona majirani, lakini anayesoma pengo ataona timu mbili zilizoishi misimu tofauti kabisa.

Huu hapa ni ukurasa mmoja jinsi unavyopaswa kuonekana, ila pengo la alama nimeliacha:

19 Oktoba 2024. Leicester, nyumbani. 2-3. Walitangulia Southampton, 2-0 kufikia mapumziko, wafungaji Archer na Aribo. Baada ya dakika ya 75: bao moja, dhidi yetu, la Jordan Ayew katika dakika za nyongeza. Buonanotte alirudisha la kwanza, kisha Fraser akapewa kadi nyekundu na Vardy akafunga penalti. Kipindi cha kwanza timu ilicheza kama iliyokwisha kukomaa. Cha pili kila mpira ulioingia kwenye boksi ulileta hofu.

Mtu akisoma mistari hiyo miaka mitano baadaye atajua kilichotokea. Akisoma tu kwamba Leicester walishinda 3-2, hatajua.

Saa za mechi na mahali pa kutazamia

Uingereza hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nasi hatubadilishi. Kwa sababu hiyo mechi nyingi za Jumamosi, ambazo kule huanza saa tisa alasiri, hapa huanza saa kumi na moja jioni mwanzoni na mwishoni mwa msimu, lakini huanza saa kumi na mbili katika miezi ya baridi yao. Mechi za usiku za katikati ya wiki hubadilika kutoka saa nne hadi saa tano. Andika mabadiliko hayo kwenye jalada la ndani la daftari, la sivyo kuna wiki moja ya Oktoba au Novemba utakayofika kwenye kibanda cha kutazamia mpira mapema kwa saa nzima.

Shabiki wa Nakuru ana nafasi moja ambayo wenzake wa Uingereza hawana. Kule kwao mechi za Jumamosi za saa tisa alasiri haziruhusiwi kurushwa moja kwa moja kwenye televisheni, kwa nia ya kulinda mahudhurio viwanjani, ilhali sisi huku huonyeshwa. Tatizo letu ni jingine. Katika vibanda vya mpira, kuanzia Bondeni hadi Kaptembwa, skrini kubwa ni ya Arsenal, Manchester United, Liverpool na Chelsea, na haki ni yao kwa kuwa watu wengi wamelipa kuwaona hao. Timu ya mkiani haiandikwi hata kwenye ubao wa chaki ulio mlangoni. Nenda basi ukazungumze na mwenye kibanda mapema, ikiwezekana Ijumaa, umweleze ni mechi gani unayoitaka, na umwombe akuwekee kwenye televisheni ndogo ya pembeni, ile iliyo karibu na meza ya kuchajia simu. Wengi hukubali wakijua kwamba utakuja kila wiki na kwamba hutalalamika kuhusu sauti. Keti upande huo na daftari lako magotini. Baada ya wiki chache utaona kuwa kuna mtu mwingine au wawili wanaosogeza viti kuja upande wako, maana kila kibanda kina shabiki wa timu ndogo ambaye hajawahi kuulizwa.

Timu yako ikipangwa dhidi ya moja ya zile kubwa hutahitaji kuomba chochote, ila kelele zitakuwa za upande wa pili. Siku hizo ziandikwe kwa uangalifu zaidi. Tarehe 16 Januari 2025 Southampton walicheza na Manchester United uwanjani Old Trafford, mechi iliyoanza saa tano usiku kwetu, na wakaongoza 1-0 hadi dakika ya 82. Kisha Amad Diallo akafunga mabao matatu na mechi ikaisha 3-1. Aliyeondoka kibandani dakika ya 80 ili awahi bodaboda aliamka asubuhi akakuta matokeo yanayofanana na ya kila wiki, asijue kwamba timu ilikuwa imebakiza dakika chache tu kuondoka Old Trafford na ushindi.

Wagawe wapinzani, kisha uwatazame majirani

Hii ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote, nami naomba uisome polepole.

Kabla ya mechi ya kwanza ya Agosti, chora ukurasa mmoja na uwagawe wapinzani 19 katika mafungu matatu: wakubwa, wa katikati, na majirani. Majirani ni timu zile unazodhani zitapigania nafasi ya 17 pamoja na yako, na kwa kawaida huwa pamoja na zile mbili zilizopanda daraja na timu yako, au zote tatu ikiwa timu yako haikupanda. Usiogope kubahatisha, kwani utasahihisha mgawanyo huo mwezi wa Desemba. Kisha, kila timu yako inapocheza na jirani, piga mstari wa rangi nyekundu pembeni mwa nusu ukurasa huo. Mechi ya jirani ina uzito maradufu, kwa sababu alama tatu unazozikosa wewe ndizo alama tatu anazozichukua yule unayeshindana naye.

Fungua sasa daftari la Southampton la 2024-25. Mechi ya kwanza, ugenini Newcastle, walicheza muda mrefu dhidi ya watu kumi baada ya Fabian Schär kutolewa kwa kadi nyekundu, lakini walipoteza 1-0 kwa sababu kipa Alex McCarthy alitoa pasi mbovu akijaribu kuanzisha mchezo kutoka nyuma na Joelinton akafunga. Hiyo haikuwa mechi ya jirani, lakini tayari ilionyesha jinsi ambavyo Southampton wangefungwa mabao mengi: kocha Russell Martin aliamini kwamba timu yake iucheze mpira chini kuanzia kwa kipa, imani iliyowapandisha daraja mwaka uliotangulia, na wapinzani wa Ligi Kuu walikuwa na kasi ya kuiadhibu.

Mstari mwekundu wa kwanza ni wa tarehe 21 Septemba, Ipswich wakiwa wageni. Tyler Dibling alifunga mapema katika dakika ya tano, na Southampton wakashikilia bao hilo mchana wote, hadi Sam Morsy aliposawazisha katika dakika za nyongeza. Mstari wa pili ni ule wa Leicester niliouandika juu, ambapo mabao mawili ya kuongoza yaliyeyuka. Mwezi wa Novemba wakaenda kwa Wolves, ambao walikuwa hawajashinda hata mechi moja ya ligi msimu huo, nao wakawafunga 2-0. Katika mechi tatu za majirani walipata alama moja, na katika mbili kati ya hizo walikuwa wameongoza.

Lazima niwe mkweli kuhusu hesabu hiyo. Southampton wangeshikilia uongozi wao dhidi ya Ipswich na Leicester, wangepata alama tano zaidi, nazo zingewafikisha alama 17 mwishoni, ambazo zisingetosha. Mechi mbili hazikuwashusha peke yake. Hata hivyo daftari lilikuwa limekwisha kusema mwezi wa Oktoba kwamba timu hii haiwezi kulinda uongozi hata mbele ya wale inaolingana nao, na timu isiyoweza kuwashinda majirani haina mahali pengine pa kutoa alama. Katika msimu mzima walishinda mechi mbili tu, nyumbani dhidi ya Everton 1-0 na ugenini kwa Ipswich 2-1.

Mechi za nyumbani nazo zihesabiwe kando. Alama 12 za Southampton ziligawanyika sawasawa, sita nyumbani na sita ugenini, na hilo si jambo la kujivunia. Timu ndogo inayosalia katika Ligi Kuu kwa kawaida hujengwa juu ya uwanja wake. Leicester wa msimu uleule walikaa mechi tisa mfululizo za ligi nyumbani bila kufunga bao hata moja, na waliposhuka tarehe 20 Aprili ilikuwa ni nyumbani tena, wakifungwa 1-0 na Liverpool.

Makocha

Kila kocha anapofutwa, chora mstari mzito katikati ya daftari na uandike idadi ya mechi na alama alizoacha. Kwa Southampton mstari wa kwanza unaangukia tarehe 15 Desemba 2024, baada ya kipigo cha 5-0 nyumbani kutoka kwa Tottenham: Martin, mechi 16, alama 5. Simon Rusk alishika timu kwa muda na kupata sare tasa ugenini kwa Fulham. Ivan Jurić akaongoza mechi 14 na kupata alama 4, kisha akaondoka siku moja baada ya timu kushuka, na Rusk akarudi kwa mechi saba za mwisho zilizoleta alama 2.

Ukizitazama namba hizo kwa pamoja utagundua kwamba kumbadilisha kocha hakukubadilisha chochote cha maana, kwani Martin na Jurić wote wawili walishindwa kufikisha hata theluthi moja ya alama kwa kila mechi. Maoni yangu ni kwamba tatizo lilikuwa katika kikosi na katika pengo la fedha lililopo kati ya Ligi Kuu na Championship. Msimu wa 2023-24 Luton, Burnley na Sheffield United walipanda na wote watatu wakashuka; uliofuata Southampton, Ipswich na Leicester wakafanya vivyo hivyo. Timu sita katika misimu miwili haziwezi zote kuwa na makocha wabaya.

Alama 40

Utasikia kibandani kwamba timu ikifika alama 40 imepona. Iandike kanuni hiyo, lakini iandike na historia yake. West Ham walishuka mwaka wa 2003 wakiwa na alama 42, na hiyo ndiyo hesabu kubwa zaidi kwa timu iliyoshuka tangu ligi iwe na timu 20. Kuanzia hapo hadi 2025 hakuna aliyefika 40 akashuka. Katika miaka ya karibuni mstari umeteremka sana: aliyeshika nafasi ya 18 alikuwa na alama 35 mwaka wa 2022, 34 mwaka wa 2023, 26 mwaka wa 2024 na 25 mwaka wa 2025. Mimi ningekushauri uweke shabaha ya alama moja kwa kila mechi. Kila baada ya mechi kumi linganisha. Southampton baada ya mechi kumi walikuwa na alama 4, na baada ya 19, yaani nusu ya msimu, walikuwa na 6.

Kumbuka pia kuacha nafasi ya alama zinazokatwa na wenye ligi. Msimu wa 2023-24 Everton walikatwa alama kumi, zikapunguzwa hadi sita baada ya rufaa, kisha wakakatwa mbili zaidi, na Nottingham Forest walikatwa nne, kwa sababu ya kupata hasara inayozidi kiwango kinachoruhusiwa. Forest walimaliza wa 17 wakiwa na alama 32. Katika hali kama hiyo weka safu mbili, alama zilizopatikana uwanjani na alama zinazoonekana kwenye jedwali, ili usimlaumu mshambuliaji kwa makosa ya ofisi.

Usiizike timu kabla ya wakati

West Brom walikuwa wa mwisho Krismasi ya 2004 na wakapona siku ya mwisho kwa alama 34. Leicester baada ya mechi 29 za msimu wa 2014-15 walikuwa na alama 19, mkiani kabisa, kisha wakashinda saba kati ya tisa zilizobaki na kumaliza na alama 41. Mwaka uliofuata walikuwa mabingwa.

Je, daftari linawezaje kutofautisha Leicester wa 2015 na Southampton wa 2025, ilhali wote walikuwa mkiani? Tazama ukubwa wa vipigo. Leicester ya kocha Nigel Pearson ilikuwa ikipoteza mara nyingi kwa bao moja, jambo linaloonyesha timu inayokaribia kupata matokeo. Southampton, ndani ya majira ya baridi ya 2024-25 pekee, walifungwa 5-1 na Chelsea, 5-0 na Tottenham, 5-0 na Brentford, kisha 4-0 na Brighton na 4-0 tena na Chelsea. Weka basi safu ya vipigo vya bao moja na safu ya vipigo vya mabao matatu au zaidi. Safu ya kwanza ikiwa ndefu, endelea kutumaini. Ya pili ikiwa ndefu, anza kuandika kuhusu msimu ujao.

Kuhusu kamari

Ukishakuwa na daftari la aina hii, vijana watakujia wakitaka uwape dokezo la kuwekea dau. Nakataa, nami nakuomba ukatae. Nimewaona vijana wa mji huu wakipeleka karo na kodi ya nyumba kwenye simu kwa kuamini kwamba timu ya mwisho haiwezi kupata sare na timu kubwa, na tarehe 10 Mei 2025 Southampton, ambao walikuwa wamekwisha kushuka, walitoka 0-0 na Manchester City. Sare hiyo iliwapa alama ya 12 na kuwaepusha na kuifikia rekodi ya Derby County, waliomaliza msimu wa 2007-08 na alama 11 na ushindi mmoja. Wachezaji wa Southampton walikuwa na sababu ya kuipigania mechi hiyo, na sababu hiyo haikuwa kwenye jedwali wala kwenye namba za kampuni za kamari. Daftari linaeleza kilichotokea. Halitabiri kitakachotokea Jumamosi.

Siku ya kushuka na baada yake

Fanya hesabu ya mwisho mwenyewe badala ya kusubiri kutangaziwa. Zidisha mechi zilizobaki kwa tatu, ujumlishe na alama ulizonazo, kisha ulinganishe na nafasi ya 17. Baada ya mechi 31 Southampton walikuwa na alama 10, na mechi saba zilizobaki zingeweza kuwapa 21, yaani jumla ya 31. Wolves, katika nafasi ya 17, walikuwa na 32. Hakuna timu iliyowahi kushuka kutoka Ligi Kuu ikiwa bado na mechi saba mkononi kabla ya hapo.

Msimu ukifika siku ya mwisho bila jibu, mechi zote kumi huanza kwa wakati mmoja, na utahitaji kurasa mbili zinazotazamana, moja kwa timu yako na nyingine kwa wapinzani wake. Tarehe 28 Mei 2023 Leicester walishinda West Ham 2-1 na bado wakashuka, kwa sababu Abdoulaye Doucouré aliifungia Everton bao pekee dhidi ya Bournemouth. Aliyeandika uwanja mmoja tu siku hiyo alikuwa na nusu ya habari.

Timu ikishashuka, usilifunge daftari. Klabu inayoshuka hulipwa fedha za kuipunguzia makali kwa hadi miaka mitatu: mwaka wa kwanza asilimia 55 ya mgao ule ambao klabu zote za Ligi Kuu hugawana sawasawa, wa pili asilimia 45, na wa tatu asilimia 20, ingawa iliyokaa juu msimu mmoja tu haipati ule wa tatu. Pamoja na fedha hizo, wengine huanguka zaidi. Luton walishuka mwaka wa 2024 na wakashuka tena mwaka wa 2025. Sunderland walianguka mara mbili mfululizo, 2017 na 2018, na hawakurudi Ligi Kuu hadi 2025. Leeds walikaa nje kuanzia 2004 hadi 2020. Jirani zetu wa Kisii wanalielewa hilo bila kuelezwa, kwani Shabana ilikaa nje ya ligi kuu ya Kenya kwa miaka 17 hadi iliporudi mwaka wa 2023, na watu wakaujaza uwanja wa Gusii kana kwamba haikuwahi kuondoka.

Tenga ukurasa wa wanaoondoka, uandike jina, tarehe na klabu aendako kila mmoja. Kwa Southampton, katika Agosti ya 2025 pekee, Dibling alikwenda Everton, Mateus Fernandes akaenda West Ham, na Aaron Ramsdale akakopeshwa Newcastle. Kisha fungua ukurasa mpya wa Championship, wenye mechi 46 badala ya 38, na unaoanza wiki moja hivi kabla ya Ligi Kuu. Mstari wake wa kwanza ni huu: 9 Agosti 2025, Wrexham, nyumbani, 2-1, walitangulia wageni, na baada ya dakika ya 75 mabao mawili, yote ya Southampton, la Ryan Manning na la Jack Stephens katika dakika za nyongeza.